Mimi Niliyewafundisha Kubonyeza Endelea

Vijana, hongereni sana. Nasikia siku hizi hamsomi kitu chochote kinachojitokeza kwenye simu. Kikitokea kisanduku chenye maandishi, kidole kinafika kabla ya macho. Juzi mjukuu wangu alinionyesha anavyonunua viatu mtandaoni. Dakika moja haikuisha, tayari kashalipa, na hapo katikati simu ilimwuliza mambo matatu naye akayakubali yote matatu. Nikamwuliza ameulizwa nini. "Babu, hayo huwa hayasomwi," akasema. Nilijisikia fahari. Kazi yangu ya miaka mingi hapa Kyela imeota mizizi.

Maana kama hamjui, mimi ni mmoja wa waasisi. Kabla ninyi hamjajua kubonyeza bila kusoma, mimi nilishawafundisha watu wazima, wenye familia na vyeo, tena kwa maandishi na muhuri. Sasa nimestaafu, nalima mpunga wangu Mwaya, nina nafasi ya kuwaeleza ilivyokuwa. Mtanivumilia. Nyinyi ni watu wenye haraka, najua.

Nilikuwa mtu wa kompyuta katika chama kimoja cha ushirika cha wakulima. Kwenye barua niliandikwa Afisa TEHAMA. Wakulima waliniita fundi. Mke wangu aliniita mtu anayelipwa kukaa chini ya feni. Chama kilikuwa na tovuti: mnunuzi akiwa popote aliweza kuagiza mchele, kakao, na baadaye hata vyungu vya akina mama wa Lyulilo, kando ya ziwa, na kulipia hapo hapo. Yaliyo nyuma ya tovuti hiyo, yaani oda, majina ya wauzaji na namba zao za simu za kupokelea malipo, yaliangaliwa na mimi na karani mmoja, binti kutoka Ngonga aitwaye Tumpe. Alikuwa na tabia mbaya sana huyu binti. Alikuwa anasoma.

Sasa tuanze na betri, kwa sababu yote yalianzia kwenye betri.

Ndani ya kompyuta ya mezani kuna betri ndogo, ukubwa wake kama kifungo cha koti. Kazi yake ni moja: umeme ukikatika, iikumbushe kompyuta leo ni tarehe ngapi. Na mvua za hapa kwetu mnazijua. Inanyesha wiki nzima, mto unahamia barabarani, nguzo inalala, umeme unakwenda zake. Betri zetu zilikuwa zimekwisha zote. Kwa hiyo kila umeme uliporudi, kompyuta ziliamka zikiamini ni ule mwaka zilipotengenezwa kiwandani. Zilikuwa na amani yao, hazijui hata kwamba mwenyekiti aliyekuwepo wakati huo alishakufa.

Kompyuta ikipoteza tarehe, tovuti zote zinaota rangi nyekundu. Ngoja niwaeleze kwa nini, na msijifanye mnajua.

Ukitaka kufungua akaunti au kusajili chochote hapa Tanzania unaambiwa nenda kwa mtendaji wa kijiji akakuandikie barua ya utambulisho. Barua inasema wewe ni nani, inasema nani anakutambua, ina muhuri, ina tarehe. Tovuti nayo hupewa barua ya namna hiyo. Inaitwa cheti cha usalama. Kinatolewa na shirika linaloaminika, baada ya kuhakikisha kwamba anayekiomba ndiye kweli mwenye jina hilo la tovuti. Ukifungua tovuti, inatoa cheti chake kwanza kabla ya salamu. Kivinjari chako, yaani kile unachofungulia mtandao kwenye simu au kompyuta, kinakaa pale kama karani mkali na kukagua mambo matatu: jina ni lenyewe? Aliyetoa anajulikana? Tarehe ya leo imo kati ya kuanza na kwisha? Yakikaa sawa, unapita. Yasipokaa sawa, unaletewa ukurasa mwekundu unaosema muunganisho wako si wa faragha.

Basi kompyuta inayoamini tuko miaka ya nyuma, ikionyeshwa cheti cha mwaka huu, inaona hiki cheti hakijaanza kazi bado. Inakataa. Haki yake.

Dawa ilikuwa kununua betri. Betri tano, bei yake yote haifiki mlo wa wali na samaki wa watu wawili Matema. Lakini ili kununua betri nilipaswa kujaza fomu ya maombi, isainiwe na mhasibu, meneja na mwenyekiti, na hao watatu kukutana ofisini siku moja ilikuwa ni mwujiza. Dawa ya pili ilikuwa kurekebisha saa kwa mkono kila asubuhi. Hiyo ilihitaji neno la siri nililokuwa nalo mimi peke yangu, na mimi nilifika saa mbili na nusu, watu wengine wakifika saa moja na nusu kwa sababu ya ujinga wao. Wakawa wananipigia simu nikiwa bado nakunywa chai nyumbani. Nikachoka.

Ndipo nikabuni dawa ya tatu. Tovuti za benki zilikuwa zinagoma kabisa saa ikikosewa, lakini yetu, kwa kuwa ilitengenezwa kwa bei ya kuelewana, iliacha kimlango: ukibonyeza "maelezo zaidi" unakuta neno dogo la kukuruhusu upite. Nikachapa karatasi: UKIONA ONYO JEKUNDU USIOGOPE. BONYEZA MAELEZO ZAIDI, KISHA BONYEZA ENDELEA. Nikaweka jina, cheo, sahihi, na muhuri wa chama wa bluu. Nikaipeleka stesheneri ikatiwa nailoni ngumu. Nikaibandika ukutani kwa gundi ya karatasi pembe zote nne, juu ya kompyuta ya Tumpe. Simu za asubuhi zikakoma. Meneja alinipongeza mbele ya watu kwa ubunifu.

Mtu mmoja tu hakunipongeza. Bwana Rashidi, mtu wa Tanga, aliyetutengenezea ile tovuti alipokuwa anafanya kazi wilayani. Yeye ndiye aliyenifundisha karibu kila ninachokijua, kwa hiyo nilikuwa simpendi sana. Alikuja siku moja kutusalimia, akaiona karatasi, akasimama mbele yake mikono mgongoni kama mtu aliyefika msibani.

"Ndugu yangu, hii umeandika wewe?"

"Mimi."

"Na muhuri ukapiga?"

"Na muhuri."

"Basi wewe umemfukuza mlinzi, na barua ya kumfukuza umemwandikia."

Nikamwambia watu wa pwani mna maneno mengi. Hakukasirika. Akanieleza pole pole: lile onyo lina sababu zaidi ya moja. Leo ni saa ya kompyuta. Siku nyingine litakuja kwa sababu mtu amesimama kati yenu na tovuti yenu, anajifanya ndiye yeye, na cheti hana. Rangi ni ile ile nyekundu, kitufe ni kile kile. "Watu wako watajuaje tofauti," akauliza, "ikiwa umewafundisha kutosoma?" Nikamjibu kwamba hapa ni Kyela, nani atahangaika na sisi. Akacheka, akanunua gunia la mchele, na mwezi uliofuata akahamishwa Singida. Niliona ni ushindi.

Kazi ya pili ya cheti nilikuja kuielewa Lyulilo, na niliielewa kwa hasara. Mnamjua Mama Eliza? Ni mfinyanzi, Mkisi, mama wa makamo mwenye mikono mikubwa, ndiye kiongozi wa kikundi chao cha wafinyanzi. Nilikwenda siku ya soko kununua vyungu viwili. Nikataja bei yangu. Mama Eliza akamgeukia dada yake wakaongea Kikisi, mbele ya uso wangu, taratibu kabisa, huku wananitazama. Mimi ni Mnyakyusa, nilitoa macho tu. Walipomaliza, bei ilikuwa imepanda na mimi nilikuwa nimeshakubali. Mpaka leo sijui walisema nini, ila nadhani lilihusu viatu vyangu.

Ndivyo simu yako inavyoongea na tovuti yenye cheti halali. Kwanza inahakikisha inaongea na nani, halafu hao wawili wanakubaliana lugha yao mpya, ya mazungumzo hayo tu. Neno lako la siri na namba ya kadi yako vinapita mbele za watu wengi njiani, kwenye waifai ya gesti, kwenye minara, na wote wanasikia kelele tu. Tofauti ni kwamba Kikisi ningeweza kujifunza kama si uvivu. Lugha ile ya kompyuta huwezi kujifunza, maana kesho haitumiki tena. Lakini angalieni: ukiongea kwa siri na mtu usiyemhakiki, siri yako yote unampa yeye. Ndiyo maana utambulisho unatangulia.

Na hapa nawapa jambo ambalo halipo kwenye zile video zenu. Cheti kinasema jina la tovuti ni lenyewe. Hakisemi mwenye tovuti ana tabia gani. Mtu akianzisha tovuti ya kitapeli kwa jina lake alilolinunua mwenyewe, atapewa cheti, tena siku hizi bure, na utamwona kanyooka kabisa. Niliwahi kuagiza miwani ya kusomea kwenye tovuti moja ambayo sikuwahi kuisikia kabla, nikaona kile kialama cha kufuli pale juu kwenye anwani, nikamwambia mke wangu, kwa sauti ya mtaalamu, hapa ni salama. Malipo yangu yalisafiri kwa usalama wa hali ya juu mpaka mikononi mwa mwizi. Miwani haijafika. Ndiyo maana haya naandika kwa herufi kubwa na mtu wa stesheneri ananisaidia.

Haya. Sasa nifike nilipokuwa nakwepa kufika.

Kikundi cha Mama Eliza kilipata oda yake kubwa ya kwanza. Hoteli moja ya mbali ilitaka vyungu vya bustani, mzigo wa mitumbwi kadhaa, na ilikuwa ilipe kwa tovuti yetu. Akina mama walikwishakubaliana fedha ile itanunua nini: injini ya mtumbwi, yao wenyewe, wasiendelee kungoja wanaume wenye injini waamue siku ya kusafiri. Walifinyanga miezi. Tumpe ndiye aliyewasajili, akawapiga picha za vyungu, akaandika namba ya Mama Eliza ya kupokelea malipo. Aliifanya ile kazi kama ya mama yake mzazi.

Asubuhi moja, jua kali, umeme haujakatika siku kadhaa, saa ya kompyuta iko sawa sawia, Tumpe akafungua tovuti ili aingie kazini. Onyo jekundu.

Nilikuwa meza ya pili, nina kikombe cha chai na ndizi ya kuchoma, naangalia taarifa za mpira.

"Baba," akaniita. "Hebu njoo uangalie. Leo maneno si yale."

"Maneno yapi?"

"Siku zote linasema saa ya kompyuta iko nyuma. Leo linasema cheti kimetolewa na asiyejulikana."

Nakumbuka kila kitu. Nakumbuka alivyogeuza kiti. Nakumbuka ndizi ilikuwa ya moto na sikutaka ipoe.

"Tumpe, karatasi inasemaje?"

"Inasema nibonyeze endelea."

"Basi."

Akabonyeza. Ukurasa ukafunguka, unafanana na wetu kila kitu, hata picha ya mpunga. Akaandika neno lake la siri. Ukamwambia jaribu tena baadaye. Akaja kuniambia, nikasema mtandao uko chini, kanywe chai.

Kilichotokea tulikielewa baadaye. Kile kimashine cha waifai pale ofisini kilikuwa bado na neno la siri la kiwandani, ambalo dunia nzima inalijua, na neno la kujiunga na waifai yenyewe nililibandika mlangoni ili nisisumbuliwe na wageni. Mtu aliingia humo, akakielekeza kwamba mtu yeyote hapa ofisini akiomba tovuti ya chama, apelekwe kwake. Jina letu aliweza kuliiga, sura yetu aliweza kuiiga. Kitu kimoja tu hakuweza kukiiga: cheti, maana hakuna shirika ambalo lingempa cheti cha jina lisilo lake. Kivinjari kikaona, kikapiga kelele. Kilifanya kazi yake vizuri kuliko mfanyakazi yeyote wa ofisi ile. Kilipopiga kelele, muhuri wangu ukakinyamazisha.

Kwa neno la siri la Tumpe, mwizi akaingia kwenye tovuti ya kweli na kubadilisha namba moja ya simu. Hoteli ikalipa. Fedha ikaenda kwenye namba isiyojulikana, na namba ikazimwa. Vyungu vilikwishapakiwa.

Bodi ikaitwa. Na mimi, asubuhi ile ya kikao, nilifika kazini saa kumi na mbili na nusu. Meneja hakuamini. Niliibandua ile karatasi ukutani, pembe moja moja, nikaitia kwenye begi langu kati ya gazeti na mwavuli.

Sitaki kujikosha. Nilikuwa nimebakiza miezi minne kustaafu. Sherehe ilishapangwa, ng'ombe alishaonekana. Niliogopa, basi.

Kikaoni walimkalia Tumpe kama mahakama. Neno la siri ni la nani? Lake. Namba ilibadilishwa kwa jina la nani? Lake. Mwenyekiti, bwana mwenye sauti ya kanisani, akasema huyu binti amewaibia akina mama, asimamishwe na apelekwe polisi. Tumpe hakulia. Akasema kwa sauti ndogo: "Mimi nilifuata karatasi iliyokuwa ukutani pale. Ina muhuri wa chama."

Wote wakageuka kutazama ukuta. Pale juu ya kompyuta palikuwa na vidoa vinne vyeupe, na vumbi limezunguka mraba.

"Baba Ipyana," mwenyekiti akaniuliza, "wewe ndiye mtaalamu. Palikuwa na karatasi?"

Nikasema, "Sikumbuki."

Tumpe alinitazama. Begi lilikuwa katikati ya miguu yangu.

Vijana, ninyi mnapenda kuambiwa wazee wana hekima. Chukueni hiyo.

Tumpe alisimamishwa kazi, la polisi likawekwa kiporo, na mimi nilikaa na ile karatasi nyumbani Mwaya siku nane. Niliificha juu ya dari, nikaiona haijakaa vizuri, nikaihamishia chini ya godoro, nikawa nalala juu yake. Mke wangu akauliza mbona nageuka geuka. Nikamwambia ni joto. Na joto la Kyela linakubebea uongo wowote.

Siku ya tisa, mchana, Mama Eliza akaingia uani kwangu. Alikuja na mtumbwi wa kulipia kutoka Lyulilo, miguu bado ina matope ya ufukweni. Nikajua amefuata fedha. Nikaanza kuandaa maneno.

"Ugonile, baba," akanisalimia Kinyakyusa, kwa heshima ya mwenye nyumba.

"Ndaga. Karibu, mama. Karibu kiti."

Hakukaa. "Nimekuja kuuliza kitu kimoja tu, nirudi kabla ziwa halijachafuka. Yule binti Tumpe alikuja kwetu juzi. Akapiga magoti mbele ya akina mama wote. Akasema fedha imepotea mikononi mwake, atalima mashamba ya baba yake kule Ngonga mpaka ailipe."

"Eeh."

"Mimi si msomi. Lakini nimeuza sokoni tangu sijaolewa, wezi nawajua. Mwizi gani anapanda mtumbwi kuwafuata aliowaibia, awapigie magoti? Kila mtu ananiambia nikuulize wewe, wewe ndiye unayejua. Sasa nakuuliza. Ni mwizi?"

Akangoja. Mke wangu alikuwa mlangoni na ungo wa mchele, naye akangoja. Nikaingia ndani, nikainua godoro, nikatoka na karatasi. Nikampa mkononi.

Mama Eliza aliisoma kwa kidole, neno kwa neno, mpaka chini. Akasoma jina. Akanitazama. Akaupitisha ukucha juu ya muhuri.

"Kwa hiyo binti alitii," akasema.

"Alitii. Na aliniuliza kwanza. Nikamwambia abonyeze."

Alinirudishia karatasi na kugeuka kwenda ziwani, hakuniaga. Jioni mke wangu aliniuliza swali moja tu: kesho nitavaa shati gani.

Kesho yake nilikwenda ofisini. Nikamwomba mwenyekiti aite wajumbe na amwite Tumpe. Nilikuwa nimejiandalia hotuba, ikanipotea. Nikaenda ukutani nikaiweka karatasi mahali pake, pembe nne juu ya vidoa vinne, ikaenea bila kubaki hata unywele. Mwenyekiti akasoma kwa sauti yake ya kanisani, na alipofika kwenye jina langu sauti ikaisha. Nikasimulia yote, mpaka ndizi.

Tumpe alirudishwa kazini siku hiyo hiyo. Chama kiliwalipa akina mama, kwa kuwa mlango ulioachwa wazi ulikuwa wa chama, na sehemu ilitoka kwenye kiinua mgongo changu. Injini ilinunuliwa, mkienda Lyulilo mtaisikia, ina kelele sana. Ng'ombe wa sherehe yangu aliendelea na maisha yake. Niliagwa kwa soda na barua ya onyo, na nilistahili soda nusu.

Betri zilinunuliwa wiki iliyofuata. Fomu ilisainiwa na wote watatu asubuhi moja, kabla ya chai.

Baada ya mimi, Tumpe akapewa kiti changu, na ofisi ikaharibika kabisa. Alibadilisha neno la siri la waifai na la kimashine chenyewe. Aliweka utaratibu kwamba kuingia kwenye tovuti kunahitaji neno la siri na pia tarakimu zinazoletwa kwenye simu ya mhusika. Kwenye tovuti alikifunga kile kimlango. Onyo likija sasa hakuna pa kupitia, unasimama na kutafuta sababu. Cheti kinajihuisha chenyewe kabla hakijaisha, kwa sababu siku hizi vinadumu muda mfupi, na bado kila mwezi anakikagua kwa macho yake. Karatasi yangu hakuitupa. Iko pale pale. Kila karani mpya anaambiwa aisome siku ya kwanza, halafu anaambiwa habari zake, na mimi nikipita wananiamkia kwa adabu ya kutilia mashaka.

Na akaweka sharti moja la kijinga: namba ya kupokelea malipo haibadilishwi kwa simu, kwa ujumbe, wala kwa kumtuma mtu. Mwenyewe aje, na kitambulisho.

Mwaka huu laini yangu iliharibika baada ya simu kutumbukia kwenye majaruba, nikapata namba mpya. Mavuno yangu yalikuwa yameshauzwa kupitia chama. Nikampigia Tumpe kwa simu ya mke wangu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nibadilishie namba, andika..."

"Baba, njoo ofisini na kitambulisho."

"Tumpe. Ni mimi."

"Sauti naifahamu, baba. Njoo."

"Mvua inanyesha! Barabara yote maji!"

"Pole, baba. Tunafunga saa tisa na nusu."

Nilitukana njia nzima. Bodaboda ilikwama mara mbili, nikashuka nikasukuma, mzee mzima, suruali mpaka magotini. Yule dereva ananiuliza kwani ofisini kwenu hawakujui? Nikamwambia wananijua sana. Na hapo, katikati ya matope, nikaanza kucheka, halafu macho yakajaa maji, nikasingizia mvua.

Nilipanga foleni kama wengine. Ilipofika zamu yangu nikaweka kitambulisho mezani. Tumpe akakitazama, akanitazama usoni, akarudi kwenye kitambulisho, bila haraka, kana kwamba hajaniona maisha yake yote. Juu ya kichwa chake ilikuwepo karatasi yangu, muhuri umeanza kupauka.

"Tumpe," nikasema. Watu walikuwa nyuma yangu, wanasikia. Kwa bodi nilishasema yote, lakini kwake yeye sikuwahi. Miaka yote hiyo. "Siku ile uliponiita nije kuangalia, nilipaswa kuinuka. Na kikaoni nilikumbuka vizuri sana. Nisamehe, mwanangu."

Kalamu ikasimama. Akainamia fomu kidogo.

"Ndaga fijo, asante sana, baba," akasema. "Nilikuwa nakungoja uje uyaseme. Ungeyasema kwenye simu nisingekubali."

Akanigeuzia fomu. Nikaisoma yote, kuanzia juu mpaka chini, bila miwani, na watu wa foleni wakilalamika. Kisha nikasaini.